Paipu za Breki kwa Miteremko ya Nchi ya Chai

Ukitoka mjini Kericho ukashika njia ya Kisumu, ukapita Kapsoit na Kipsitet, barabara haiachi kushuka hadi uingie kwenye joto la uwanda wa Kano. Kericho iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Ahero, kule chini, iko kwenye mita 1,150 hivi. Chukua boda iliyobeba abiria na gunia la mbolea, jumla kilo 300 ukihesabu dereva na chombo chenyewe. Kila mita 100 ambazo mzigo huo unashuka kwa nguvu ya breki peke yake, bila kusaidiwa na injini, huzaa joto linalokaribia kutosha kuchemsha lita moja ya maji ya baridi. Sufuria ya chai kila mita 100, na joto lote hilo linatua juu ya vipande vichache vya chuma vinavyoenea kwenye sahani moja ya wali.

Ndiyo maana habari ya breki haichukuliwi kwa mzaha huku. Tarehe 30 Juni 2023, pale makutano ya Londiani, lori liliacha njia likawavamia wachuuzi, abiria na wahudumu wa boda waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa. Lile lilikuwa lori, si pikipiki, lakini tangu siku ile mtu wa Kericho akisikia chombo kinapiga kelele nyuma yake mteremkoni, hugeuka.

Kwa hiyo ninapoulizwa na vijana wenye pikipiki kubwa kidogo, zile za disiki moja mbele, kwamba wakiongeza disiki ya pili watumie paipu gani, najua swali limetoka mahali pa kweli. Tatizo ni kwamba linaulizwa kuanzia mkiani. Mtu amekwisha kuona paipu za nyuzi za chuma zinazong'aa, zenye rangi ya buluu au nyekundu, akazipenda, na sasa anatafuta sababu ya kuzinunua. Paipu huchaguliwa mwisho. Kwanza ujue mafuta kiasi gani yatasukumwa, yatapita njia ipi hadi gurudumuni, na nani atakayeyabadilisha mwakani.

Tuanze na walio wengi. Tangu serikali ilipolegeza kodi kwa pikipiki zilizo chini ya cc 250 mwaka 2008, nchi ya chai imejaa Boxer, TVS na ndugu zake. Ukisimama stejini Litein au Silibwet ukatazama magurudumu ya mbele, mengi ni ya dramu. Hapo hakuna paipu. Kinachounganisha mkono wa breki na gurudumu ni waya unaoteleza ndani ya ala yake. Waya una sifa ambazo wenye disiki husahau: haumwagi mafuta, hauingizi hewa, na ukikatika hata fundi wa baiskeli kule Kapkoros atakupa mwingine upate kufika nyumbani. Ubaya wake ni kwamba hurefuka, hushika kutu, na nyuzi zake hukatika mmojammoja pale kwenye kichwa kinachokaa mkononi, mahali ambapo dereva haangalii. Nao waya mmoja hauwezi kuvuta breki mbili kwa usawa bila chombo cha kuzigawia nguvu. Upande mmoja ukilegea kidogo, upande wa pili hubeba kazi yote.

Mafuta yalimaliza shida hiyo. Kanuni yenyewe iliandikwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: ukibana kimiminika kilichofungiwa, presha huenda sawa kila upande. Kalipa mbili, yaani vibanio vya disiki, zilizounganishwa na masta silinda moja, ile pampu iliyo kwenye mkono wa breki, hupata presha ileile bila mtu kurekebisha chochote. Honda CB750 ya mwaka 1969, pikipiki ya kwanza kutengenezwa kwa wingi ikiwa na disiki ya mbele ya mafuta, ilikuja na disiki moja tu. Baadaye Honda yenyewe ikaweka mbili, kama katika CB750F ya 1979. Hapo katikati wenye pikipiki, mahali pengi duniani, walikuwa wakijiwekea ya pili wenyewe. Swali la vijana wetu lina umri wa nusu karne.

Kuna dhana moja potofu ambayo lazima iondolewe mapema, maana inaweza kuua. Wengi hudhani paipu mbili ni usalama maradufu, kwamba moja ikipasuka nyingine itashika. Sivyo. Zote mbili zinakunywa kutoka kisima kimoja. Paipu moja ikitoboka, mafuta ya upande wa pili nayo yanatokea kwenye tundu hilohilo, na breki yote ya mbele inakwisha. Kinga yako ni breki ya nyuma na gia za chini. Hivyo unapoongeza paipu ya pili umeongeza pia mahali pa kuvuja, na jambo hilo peke yake linatosha kukufanya uwe mgumu sana katika uchaguzi.

Sasa hesabu ya masta silinda, ambayo ndiyo huharibu kazi nyingi za namna hii. Masta ya pikipiki ya disiki moja mara nyingi ina kipenyo cha milimita 12.7, yaani nusu inchi. Pistoni yake ikisogea milimita 10 inasukuma kiasi cha mafuta kinacholingana na robo ya kijiko cha chai. Hayo tu. Ukiongeza kalipa ya pili inayofanana na ya kwanza, mafuta yanayohitajika yanakuwa maradufu, lakini masta ni ileile. Matokeo utayaona kabla hujaondoka gereji: mkono wa breki unakuja hadi karibu ugonge mshikio. Fundi atasema kuna hewa, atatoa hewa mchana kutwa, na mkono hautapanda. Hakuna hewa pale. Robo ya kijiko haijazi vikombe viwili.

Dawa ni masta ya kipenyo kikubwa zaidi. Ukitoka 12.7 kwenda 15.9, eneo la pistoni linaongezeka kwa asilimia 56. Ukiipiga hesabu hadi mwisho, breki ya disiki mbili yenye masta ya 15.9 inakupa nguvu kiasi cha asilimia 28 juu ya ile ya zamani kwa kubana kulekule, na mkono wako unasafiri mbali zaidi kwa kiasi hichohicho. Wengi hushtuka: disiki mbili, nguvu imepanda kwa robo na kidogo tu? Ndiyo. Faida kubwa ya disiki ya pili mteremkoni si kushika kwa ghafla. Ni kugawana joto. Ile sufuria ya chai ya kila mita 100 sasa inapikwa kwenye mafiga mawili.

Hapa ndipo paipu inapoingia, na uzito wa uchaguzi wake unaonekana. Ikiwa kazi nzima ya masta ni robo ya kijiko, basi kila tone linalopotea kwa paipu kutanuka ni sehemu ya breki iliyopotea. Paipu ya mpira hutanuka kidogo inapobanwa, kama mshipa wa shingo ya mtu anayepandisha mzigo. Kwa disiki moja kutanuka huko hakuhisiki sana. Kwa disiki mbili zenye paipu mbili ndefu, urefu wa mpira unakuwa maradufu na kutanuka kunakuwa maradufu. Kiwango cha Marekani cha paipu za breki, FMVSS 106, kinazigawa katika makundi mawili: zile zenye herufi HR, za kutanuka kwa kawaida, na zile za HL, za kutanuka kidogo, ambazo kikomo chake ni takribani nusu ya HR. Herufi hizo huchapwa kwenye paipu yenyewe, pamoja na neno DOT, alama ya mtengenezaji na tarehe ya kutengenezwa. Paipu isiyo na maandishi yoyote, hata ikiwa inang'aa namna gani dukani, mimi naiacha palepale kwenye msumari wake.

Kuna njia tatu za kupitisha mafuta hadi kalipa mbili, na mafundi hubishana juu yake kama watu wanavyobishana juu ya ng'ombe.

Ya kwanza ni kushusha paipu mbili moja kwa moja kutoka masta, kila moja na kalipa yake, zikiwa zimefungwa juu kwa boliti moja ndefu yenye matundu mawili. Ya pili ni paipu moja kushuka hadi chini ya shingo ya pikipiki, ikaingia kwenye kiungo cha njia tatu, kisha paipu mbili fupi zikaachana kwenda kulia na kushoto. Ya tatu ni paipu moja kwenda kalipa ya kulia, na kutoka hapo paipu nyingine kuvuka juu ya madigadi hadi kalipa ya kushoto.

Hesabu washa. Kila jicho la paipu linakaa kati ya washa mbili za shaba au za alumini, na kila washa ni mahali ambapo mafuta yanaweza kujipenyeza. Njia ya kwanza ina washa 7: tatu juu, mbili kila kalipa. Njia ya tatu nayo ina 7. Njia ya pili, ikiwa kiungo chake ni cha boliti kila upande, inafika 12. Kiungo hicho kinakaa chini ya taa, mahali ambapo matope na maji ya kuoshea hupiga na jicho la dereva halifiki. Viwanda vilikitumia kwa miaka mingi na kilifanya kazi, sikatai, lakini viwanda vilikuwa na paipu za chuma zilizokunjwa kwa mashine na mabano ya kukishikilia. Gereji ya kando ya barabara haina.

Njia ya tatu inapendeza macho na inaokoa urefu wa paipu. Pikipiki nyingi za mbio hutoka kiwandani hivyo. Kasoro yake ni ule upinde unaopanda juu ya madigadi. Hewa hupenda kwenda juu, na kilele cha upinde kiko juu ya kalipa zote mbili, hivyo hewa hujificha hapo. Mwenye mashine ya kuvuta mafuta kwa nguvu ataitoa. Fundi wetu hana mashine hiyo. Anatoa hewa kwa mkono: mmoja anabana mkono wa breki, mwingine anafungua na kufunga kiskurubu kwenye kalipa, chupa ya soda na kijirija cha plastiki vikipokea mafuta. Kwa kazi ya namna hiyo, upinde utakusumbua. Tena barabara za mashambani Konoin, mvua ikinyesha, hujaza udongo mwekundu kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu ligome. Madigadi ya plastiki ikivunjika kwa kubanwa hivyo, paipu ya upinde ndiyo jirani wa kwanza wa tairi.

Njia ya kwanza haina kilele. Kila paipu inapanda moja kwa moja hadi kwenye kikopo cha mafuta, na hewa inafuata njia yake ya asili. Ukifunga mkono wa breki kwa kamba usiku kucha, asubuhi kiasi kikubwa cha hewa ndogondogo iliyobaki kitakuwa kimepanda chenyewe. Inahitaji paipu ndefu mbili, gharama inapanda, na usukani unabeba rundo zaidi. Kwa Kericho na Bomet, nachagua hiyo bila kusita.

Tukubaliane basi kwamba njia ni ya kwanza, na urefu wa paipu ni mkubwa. Paipu ya nyuzi za chuma kisichoshika kutu, yenye utumbo wa tefloni ndani, sasa inastahili bei yake. Haitanuki kiasi cha kuhisiwa, haizeeki kwa jua kama mpira, na tefloni haijali mafuta gani yamewekwa ndani. Lakini ina tabia zake. Nyuzi za chuma ni msumeno. Zikisugua rangi, zinakula rangi; zikisugua shokapu ya alumini, zinachimba mfereji; zikisugua waya wa taa, taa inazima. Udongo wetu mwekundu una chembe ngumu, ukikaa kati ya paipu na chuma unafanya kazi ya msasa. Kwa hiyo nunua ile iliyovikwa ngozi ya plastiki juu ya nyuzi, na kila inapogusana na kitu uifunge kwa kishikio chenye mpira. Tena isikunjwe kupita mdomo wa kikombe cha chai. Tefloni ikivunjika kwa kukunjwa haijinyooshi tena, na kwa nje huoni kitu.

Mpira nao usidharauliwe. Paipu ya mpira ya kiwandani, mpya, yenye maandishi yake, ni salama kuliko ya nyuzi iliyobanwa vibaya uchochoroni. Mpira hukuonyesha uzee wake: ukiukunja kidogo unaona nyufa. Vitabu vingi vya pikipiki za Kijapani husema ubadilishwe kila baada ya miaka minne, na hapa kwetu hakuna anayefanya hivyo. Kuna pikipiki zinazobeba maziwa kila asubuhi ambazo mpira wake umekuwapo tangu zitoke kwenye kreti. Mpira wa namna hiyo huoza kwa ndani pia. Utumbo wake huvimba hadi njia ikawa nyembamba kama tundu la sindano, mafuta yakasukumwa kwenda lakini yasirudi. Breki inashika, kisha haiachii. Mteremkoni disiki inaiva, na dereva anafikiri ni pedi.

Kuna kosa moja ambalo nchi ya chai imeliandalia mazingira yake yenyewe. Palipo na viwanda vya chai na mashamba makubwa pana trekta, na palipo na trekta pana duka la kubana paipu za haidroliki. Fundi wa hapo ni hodari, mashine yake ni ya kweli, na atakubania paipu ya urefu wowote kwa muda wa kunywa kikombe kimoja. Presha wala si tatizo: paipu ya trekta inastahimili. Tatizo ni utumbo. Paipu nyingi za trekta zina mpira wa naitrili, uliotengenezwa kwa mafuta ya madini. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 ni ya glaikoli, kitu kingine kabisa, nayo huulainisha na kuuvimbisha mpira huo hadi uanze kumeguka. Vipande vyake husafiri hadi kwenye kitundu kidogo cha masta na kukiziba. Upande wa pili, ukitia mafuta ya injini au ya trekta kwenye breki ya pikipiki, mipira yote ya kalipa, ambayo ni ya aina nyingine, huvimba. Duka la trekta likikubania paipu yenye utumbo wa tefloni na vichwa vya chuma vya kipimo sahihi, kubali. Likikupa ile nyeusi ya kawaida, shukuru uondoke.

Mimi nilijifunza habari ya urefu kwa njia ngumu. Pikipiki yangu ni ya Kijapani, kuukuu, cc 400, na nilipata shokapu za mbele za ndugu yake aliyekuja na disiki mbili, zenye masikio ya kalipa pande zote. Paipu zilikatwa na fundi mmoja pikipiki ikiwa imesimama kwa magurudumu yake yote mawili, shokapu zimekaa chini kwa uzito. Zilionekana safi kabisa. Wiki ya pili, juu ya Mogogosiek, nilivuka tuta kwa kasi kidogo, gurudumu la mbele likaachana na ardhi, shokapu zikanyooka hadi mwisho. Nilisikia mlio mdogo kama wa uzi wa gitaa. Paipu ya kushoto ilikuwa imevutwa hadi jicho lake likajizungusha kwenye boliti, na mafuta yakaanza kutiririka juu ya tairi. Breki ya nyuma ndiyo iliyonifikisha dukani.

Alinifunza mzee mmoja pale Kapkatet namna ya kupima. Aliinua pikipiki kwa kreti mbili za soda chini ya injini hadi gurudumu la mbele likaning'inia. Akachukua kamba ya katani, akaifunga pale boliti inapoingia kwenye masta, akaishusha kwa mkondo uleule ambao paipu ingepita: nyuma ya bamba la taa, kando ya shingo, hadi kwenye tundu la kalipa. Kisha akashika usukani akaupeleka kushoto hadi mwisho. Kamba ikakaza. Akaongeza upana wa vidole vitatu. Akaupeleka kulia. Kamba ikalegea ikaingia kati ya shingo na tangi, mahali ambapo ingebanwa. Akabadilisha mkondo, akapima upya. Kazi hiyo ya kamba ilichukua zaidi ya nusu saa, na paipu zenyewe zikafungwa kwa dakika kumi. "Mzee mwenzangu," aliniambia, ingawa alinizidi miaka mingi, "paipu ukiikata huiungi."

Alikuwa na jambo jingine. Alizikagua washa nilizokuja nazo, zilizotolewa kwenye boliti za zamani, akazitupa kwenye kopo. Washa ya shaba hufanya kazi kwa kubonyea mara moja. Ikishabonyea imechukua umbo la mahali pale, na ukiirudisha kwingine haizibi hadi ukaze kupita kiasi, na ukikaza kupita kiasi boliti yenye tundu ndani hukatika. Angalia pia uzi wa boliti: kalipa na masta nyingi za Kijapani hutumia hatua ya milimita 1.25, za Brembo kwa kawaida milimita 1.0, na zote ni za kipenyo cha milimita 10. Kwa macho zinafanana. Boliti ya moja itaingia kwa nguvu mizunguko miwili katika nyingine, na mizunguko hiyo miwili imekwisha kuharibu uzi.

Kuhusu mafuta yenyewe nitasema machache, ingawa wengine wangeandika ukurasa. DOT 4 mpya haichemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishakunywa maji inashuka hadi kikomo cha 155, na DOT 3 hushuka hadi 140. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewani, na hewa ya Kericho haikauki. Yakichemka kwenye kalipa hutoa mvuke, mvuke unabanwa kirahisi, na mkono wa breki unazama hadi mwisho bila chochote kushika. Hakuna paipu, iwe ya mpira au ya chuma, inayoweza kuzuia hilo. Yabadilishe kila mwaka, uyanunue kwenye chupa ndogo iliyofungwa, na usichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni, japo namba inafuatana.

Linabaki swali ambalo wauliza paipu hawaulizi: je, disiki ya pili yenyewe inafaa? Kwa pikipiki ambayo ndugu yake wa kiwandani alikuja na disiki mbili, ambapo shokapu, rimu na masta vinapatikana kama seti, ndiyo, hasa kwa anayeshuka Kapsoit na mzigo mara kwa mara. Kwa boda ya cc 125 au 150, jibu langu ni hapana. Shokapu zake ni nyembamba, hazina masikio ya kalipa, na sikio lililochomelewa kwenye alumini na fundi wa mageti ni kitu ambacho sitampa mtoto wa mtu akipande. Tena nusu ya kazi ya boda hiyo iko nje ya lami: kwenye maramu iliyolowa, kwenye njia za majani kati ya vituo vya kununulia chai na barabara kuu. Pale gurudumu la mbele likifungwa na breki kali, pikipiki inalala kabla dereva hajajua. Kizuizi ni mshiko wa tairi, si nguvu ya breki.

Anachohitaji mhudumu huyo ni breki moja nzuri ya mbele, yenye mafuta mapya na paipu yenye maandishi, na ya nyuma iliyorekebishwa. India, zinakotoka Boxer na TVS, ililazimisha kuanzia Aprili 2019 kwamba kila pikipiki mpya ya zaidi ya cc 125 iwe na ABS, mfumo unaozuia gurudumu kufungwa, na zisizozidi hapo ziwe na breki za mbele na nyuma zinazofanya kazi pamoja. Viwanda hivyo vinajua kutengeneza vitu hivyo. Miteremko yetu haipungui ya kwao, na wanaotuuzia wanapaswa kuulizwa habari ya breki hizo waziwazi, na vyama vya boda, na kaunti, na kila anayelipa amana ya kununua chombo kipya.

Wewe ambaye tayari umefunga paipu zako, mbili au moja, fanya hivi kesho kabla hujawasha injini. Bana mkono wa breki ya mbele kwa nguvu zako zote, uushikilie, uhesabu pole pole hadi thelathini. Ukibaki pale ulipo, nenda kazini. Ukizama hata kidogo chini ya vidole vyako, kuna mahali panapovuja au masta imechoka, na pikipiki hiyo isishuke Kapsoit siku hiyo.